Wakati wa Kuongeza, Wakati wa Kupunguza

Nyuma ya nyumba yangu hapa Bariadi, chini ya mwarobaini, kuna chuma cha kunyanyua. Ni bomba la maji la zamani ambalo kila ncha yake imechomekwa katika kopo la rangi lililojazwa saruji. Mjukuu wangu ndiye aliyekiunda, na kila jioni, jua likishapoa, yeye na wenzake wawili hukusanyika hapo wakapeana zamu. Mimi huketi kibarazani na gazeti langu nikijifanya nasoma.

Jioni moja alinijia akiwa bado anahema, akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bwana mkubwa."

"Babu, nina swali, na wewe ni mwalimu. Mwaka mzima nimekula kwa makusudi ili nijaze mwili. Nilikuwa kilo 64, sasa nina 79. Wenzangu wanasema imetosha, nianze kupunguza ili mafuta yatoke misuli ibaki. Wengine wanasema niongeze miezi mitatu kwanza. Mtu anajuaje kwamba wakati wa kuongeza umekwisha?"

Nilimjibu kama wanavyojibu walimu wasiolijua jibu: nilimwambia aje kesho. Kesho yake sikuwa na jibu, wala kesho kutwa. Ndugu msomaji, insha hii ndiyo jibu langu. Limechelewa kwa majuma kadhaa, na sababu ya kuchelewa utaiona mbele, kwa maana swali lile lilinigusa mahali ambapo mjukuu wangu hakujua kuwa pana kidonda.

Kwanza nieleze mambo yalivyo katika hiyo elimu yake, kwa kadiri nilivyomwelewa na nilivyojisomea. Mtu akila kuliko mwili unavyotumia, na wakati huohuo akafanya kazi nzito ya kunyanyua, sehemu ya ziada ile hujenga misuli, na sehemu nyingine huwekwa akiba kama mafuta. Anayeanza hupata misuli upesi. Kadiri anavyokomaa faida hiyo hupungua, lakini mafuta hayapunguzi mwendo wake. Ndiyo maana hufika wakati ambapo kila kilo mpya ni ya tumbo zaidi kuliko ya mkono. Hapo hugeuza: hula pungufu kidogo, kiasi cha kushuka kama nusu kilo kwa wiki, huku akiendelea kunyanyua uzito uleule, na asipunguze vyakula vya kujenga mwili. Wataalamu hutaja kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa bahati njema mambo hayo hayahitaji duka la mjini. Dagaa wanatoka ziwani, maziwa yapo, na dengu na choroko ni mazao yetu wenyewe.

Kwa hiyo njia ya kuongeza inajulikana, na njia ya kupunguza inajulikana. Kisichojulikana ni siku ya kugeuka. Nalo si jambo dogo, kwani anayegeuka mapema mno hubaki mwembamba. Wapo vijana wanaokula wiki mbili, wakajitazama kwenye kioo wakaogopa, wakafunga wiki mbili, wakajitazama tena wakaogopa zaidi. Baada ya mwaka wako palepale walipoanzia, isipokuwa wamechoka. Naye anayechelewa mno huwa na kazi ndefu ya kuyaondoa aliyoyakusanya, na aghalabu hukata tamaa katikati ya safari.

Ugumu wa siku hiyo waliuona watu wa kale. Yuko Mgiriki aitwaye Eubulides ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyeuliza swali la lundo. Nitaliuliza kwa pamba, kwa kuwa sisi wa Simiyu tunalijua lundo la pamba kuliko la nafaka. Uwanjani kuna lundo la pamba. Ukiondoa tonge moja, bado ni lundo. Ukiondoa la pili, bado. Endelea hivyo tonge kwa tonge, na mwisho utabaki na tonge moja mkononi, ambalo hakuna mtu atakayeliita lundo. Ni tonge lipi basi lililolimaliza lundo? Huwezi kuonyesha. Vivyo hivyo hakuna kijiko cha ugali kinachomfanya mtu awe mnene, na kwa hiyo kila kijiko kina haki ya kusema, "Si mimi." Hakuna siku itakayogonga mlango na kujitambulisha kwamba ndiyo siku ya mwisho ya kuongeza. Kila siku hufanana na ya jana, na ya jana ilikuwa ya kuongeza.

Wapo watakaosema: basi tushike katikati. Nilipokuwa mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Butimba, miaka ya sabini, nami niliamini hivyo, kwamba wema ni kugawa mbili. Baadaye nikakutana na maneno ya Aristotle kuhusu chakula cha mwanamieleka, yakanirekebisha. Anasema kwamba ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, haifuati kwamba mwalimu wa michezo ataagiza sita. Sita huenda vikawa vichache kwa Milo na vingi kwa yule anayeanza mazoezi. Katikati ya hesabu ni moja kwa watu wote, bali katikati ya maisha hutofautiana baina ya mtu na mtu.

Huyo Milo alikuwa mwanamieleka wa mji wa Croton, mji wa Wagiriki uliokuwa upande wa kusini wa Italia, katika karne ya sita kabla ya Kristo, na alishinda mieleka huko Olympia mara sita. Husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku tangu alipozaliwa. Ndama akakua, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye, mpaka akawa anabeba ng'ombe mzima. Nilipowasimulia watoto darasani kisa hicho walikipenda mno, maana hapa kwetu kila mtoto wa kiume amepata kumbeba ndama. Mkono mmoja ukanyooka nyuma ya darasa, mtoto akauliza, "Mwalimu, alimtua lini?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Leo naona lile ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mwisho wa Milo, kama unavyosimuliwa, ulikuwa msituni. Alikuta gogo lililopasuliwa nusu na kutiwa kabari, akaingiza mikono amalize kulipasua. Kabari zikachomoka, gogo likambana mikono, usiku mbwa-mwitu wakamla. Alikuwa amezoea kuongeza, na hakuna aliyemfundisha kwamba nguvu nazo zina mahali pa kuishia.

Sasa nifike kwenye kidonda.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tena mfugaji. Zizini kwangu walikuwamo ng'ombe 52. Niliwapata kwa mshahara, kwa pamba na kwa uvumilivu, nami nilijua rangi ya kila mmoja. Mwaka huo binti yangu alimaliza darasa la saba. Alifaulu, lakini nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache nyakati zile, naye hakuchaguliwa. Ikapatikana nafasi katika shule ya kulipia. Mama yake akaniambia tuuze ng'ombe wanane, ada ya mwanzo na vifaa vitapatikana.

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa zimekosekana. Ng'ombe walikuwa wamekonda na mnadani bei ilikuwa imeshuka. Mimi nikapiga hesabu ya kitaalamu: nani anauza ng'ombe aliyekonda? Tungoje mvua, wanenepe, ndipo tuuze. Mke wangu akasema, "Na wasiponenepa?" Nikamwambia, "Watanenepa." Huo ndio mjadala wote. Mwaka 1997 ulianza kwa ukame. Nilingoja. Kila mwezi niliokuwa nimengoja ulinipa sababu ya kungoja mwezi mwingine, kwa kuwa bei iliendelea kushuka na mimi sikutaka kukubali hasara. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikaja zile mvua kubwa za El Niño, na ng'ombe waliokuwa mifupa mitupu wakalala kwenye matope wasiinuke tena. Nilipohesabu mwanzoni mwa 1998 walikuwa wamebaki 17.

Nilikataa kuwapunguza wanane, nikapunguziwa 35.

Binti yangu alikaa nyumbani miaka minne. Mwaka 2001 aliposwa, akaolewa. Mahari ililetwa kwa ng'ombe, kama ilivyo desturi yetu, wakaingia zizini mwangu, na majirani wakasema zizi la mwalimu limeanza kupona. Ndugu msomaji, nakuomba uiangalie hesabu hiyo kama ninavyoiangalia mimi usiku. Ng'ombe niliokataa kuwapunguza kwa ajili yake niliwaongeza kwa njia yake. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya wazazi kila kikao cha shule, nikiwaambia wawasomeshe watoto wa kike.

Mama wa kijana yule anyanyuaye makopo ya saruji ndiye huyo binti yangu. Sasa unajua kwa nini sikuweza kumjibu siku ya pili.

Nisijihukumu, hata hivyo, kwa kuwadhulumu wafugaji wote. Wapo wageni waliokuja kwetu, na hata sisi walimu tuliwafuata, wakisema kwamba Msukuma anapenda wingi wa ng'ombe kwa fahari tu. Si kweli. Wingi una akili yake. Ukame ukiondoa theluthi mbili, aliyekuwa na 60 hubaki na 20, na kwa hao ataanza upya. Aliyekuwa na sita hubaki na wawili, na pengine wote madume. Nyumba isiyo na ng'ombe haina plau, haina maziwa, haina mahari ya kijana wake. Kwa hiyo kuongeza ni busara, na kumwambia mwenye ng'ombe sita apunguze ni kumtania. Hali kadhalika mwili. Bibi zetu waliopika michembe na matobolwa wakaweka akiba ya viazi vikavu kwa ajili ya miezi ya njaa, hawakuwa na shida na mtu aliyenenepa kidogo baada ya mavuno. Mafuta yale yalikuwa ghala.

Ipo pia sababu nyingine ya kuogopa kupungua. Tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipotambuliwa nchini mwetu, mkoani Kagera, mwaka 1983, neno "amepungua" lilibeba msiba ndani yake. Watu wa umri wangu wamezika wengi walioanza kwa kupungua. Mjukuu wangu hakuiona miaka ile. Alipodokeza tu mezani kwamba huenda akapunguza chakula, mama yake aliweka upawa chini akatoka nje. Nilimfahamu. Hakuwa anafikiria misuli.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kuongeza. Kosa langu lilikuwa kwamba sikujua naongeza kwa ajili ya nini, au nilijua nikasahau. Ng'ombe walikuwa akiba ya siku ya haja. Siku ya haja ilipofika, ikiwa na jina na umri wa miaka kumi na minne, nikailinda akiba dhidi ya haja yenyewe. Hapo akiba inakuwa imegeuka bwana, na mwenye nyumba amekuwa mchungaji wake.

Ndipo nikaanza kupata jibu la kumpa kijana. Nilimwita nikamuuliza, "Mwili huu uliuanza kwa ajili ya nini?"

Akanyamaza, kisha akasema kwa aibu, "Nilichoka kuitwa kamba, babu. Na nikiwa saidia fundi, mfuko wa saruji ulikuwa unanishinda."

"Mfuko bado unakushinda?"

"Nabeba siku nzima."

"Na kamba, wanakuita bado?"

Akacheka. "Sasa wananiita bosi."

"Basi ulichokuwa unakitafuta kimekwisha kufika, na wewe bado unakitafuta."

Hilo ndilo la kwanza: haja ndiyo inayoweka kipimo. Asiyejua haja yake hawezi kujua kiasi chake, kwa kuwa wingi wenyewe hauna mwisho. Baada ya 79 ipo 80, na baada ya ng'ombe 52 yupo wa 53.

La pili nililipata kwenye ngitili. Kwa msomaji asiye wa kwetu, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue bila kuguswa, kisha likafunguliwa wakati wa kiangazi malisho ya nje yanapokwisha. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika, ikaja kuhuishwa na mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi ilipokuwa ingali wilaya ya mkoa wa Shinyanga kabla ya mkoa wetu wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Ninachokipenda katika ngitili ni kwamba uamuzi wa kufungua na kufunga haungoji njaa ya siku hiyo. Watu hukubaliana mapema, wakiwa wameshiba na ng'ombe wameshiba, tena mbele ya wenzao. Angeachiwa kila mtu aamue asubuhi akiwa amesimama mbele ya ng'ombe wake wanaolia, nyasi zingekwisha kabla ya kiangazi kuanza. Mimi mwaka 1997 niliamua kila asubuhi, peke yangu, nikiwa nimesimama zizini. Ndiyo maana kila asubuhi niliamua vilevile.

Alama basi na iwekwe kabla, na awepo shahidi. Tulichukua kamba, tukampima kijana kiuno, tukafunga fundo. Tulikubaliana: fundo likifikiwa wakati uzito anaonyanyua haujaongezeka kwa mwezi mzima, siku hiyohiyo anageuza, bila kikao kingine. Na akigeuza, atapunguza mpaka fundo la pili, kisha ataacha kupunguza, kwa maana kupunguza nako kuna ulevi wake. Kamba nimeitunza mimi.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Kupunguza kutakuja tu, ukitaka usitake. Tofauti ni nani atakayeshika kisu. Mwenye ng'ombe akipunguza mwenyewe huchagua: huuza maksai wa ziada, ng'ombe aliyezeeka, asiyezaa, akabakiza mitamba na wenye maziwa. Ukame ukipunguza haubagui. Mwaka ule ulianza na wanaonyonyesha, yaani wale niliowahitaji zaidi. Mwili nao ni vivyo hivyo. Anayepunguza kwa mpango, akila dengu yake na kunyanyua chuma chake, huuambia mwili abakize nini. Anayepunguzwa na maradhi huondoka na misuli pamoja na mafuta. Pale shuleni tulipolima pamba, watoto walihuzunika kung'oa miche mizima ili ibaki miwili kila shimo. Niliwaambia, "Tusipochagua sisi, itanyang'anyana yenyewe, na yote itakuwa miembamba." Niliwafundisha wengine kwa miaka mingi somo ambalo zizini kwangu nililifeli.

Kwa hiyo, ukiniuliza leo wakati wa kugeuka ni upi, nasema: geuka ungali na nguvu ya kuchagua. Ukingoja mpaka iwe lazima, umekwisha kuchelewa. Na ukigeuka kabla haja haijatimia, hukuwa na cha kuchagua. Kati ya mambo hayo mawili ipo nafasi, wala si siku moja. Ni majira, na ndani ya majira hayo mtu mwenye alama yake hawezi kupotea sana.

Umri wangu nao ni majira. Nimepita sabini, na kuongeza kwangu kumekwisha. Mwaka huu zizini walikuwamo ng'ombe 31. Mjukuu wangu wa kike, dada wa huyo mnyanyua chuma, amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mvua hazikuwa nzuri, na mnadani bei haikuwa nzuri. Niliwatoa tisa, nikachagua mwenyewe, nikawapeleka mnadani siku ya kwanza, nikauza kwa bei iliyokuwapo. Nilijua nimepata hasara, na niliweza kuihesabu.

Jioni binti yangu alikuja kuchukua fedha. Alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, akasimama kidogo mlangoni.

"Baba," akasema, "safari hii hukungoja mvua."

Sikuwa na la kumjibu. Yeye naye hakungoja jibu. Aliniaga akaondoka, maana giza lilikuwa linaingia na nyumbani kwake kulikuwa na watu wa kupikiwa. Nyuma ya nyumba nikasikia makopo ya saruji yakitua chini, na vijana wakihesabu kwa sauti mpaka kumi, kisha wakanyamaza.